Nukta Mia Tatu

Ezaru aliingia mvua ikiwa bado mabegani,
akaweka simu mezani kama mtu awekaye yai.
"Ni hii. Kesho saa nne tunaweka jiwe kaburini.
Nataka mita mbili. Aonekane kutoka barabarani."

Nikaitazama. Mama yake,
kitambaa cha manjano, jicho moja amelifinya kwa jua,
na chini, kwa herufi nyekundu zenye kivuli,
mpwa fulani wa Koboko ameandika jina kwa kidole.
Imepita simu ngapi? Akahesabu:
ya mpwa, ya shangazi, kundi la ukoo, kundi la kanisa,
ndipo yake.
Kila mlango picha ilimopita
iliacha kitu kizingitini.

Nikaifungua kwenye kompyuta, nikaivuta.
Miraba. Shavu la mtu limekuwa sakafu ya vigae.
Kuzunguka maandishi, vumbi la kijivu limejaa
kama kumbikumbi kwenye taa,
na ile C ya Candiru imefumba mdomo,
imekuwa O.

Niliwahi kulichapa kosa la namna hii.
Mwaka wangu wa kwanza hapa Arua, kadi za harusi mia mbili:
nilikuza tu, nikanoa, nikanoa,
mpaka nyuso zikaota magamba
na jina la bibi harusi likasomeka la mwingine.
Baba yake hakunigombeza.
Alilipa yote.

"Dada," nikasema, "picha haikuzwi
kama mchuzi unavyoongezwa maji.
Sufuria itajaa, nyama hutaionja.
Nipe ile ya kwanza, kabla ya jina."

"Simu iliyoipiga ilikufa kabla yake."

"Mliizika?" Ulimi uliteleza.
Akanitazama. Kisha akacheka,
akacheka hadi akashika meza.
"Iko kwenye kopo la sukari."

Onzima akatumwa na bodaboda.
Kioo kimepasuka, betri imevimba kama andazi,
lakini waya ulipoingia, ikaamka,
na picha ikashuka polepole, nzima:
nukta elfu tatu na mia sita kwa upana.

Na chini, pale palipokuwa na herufi nyekundu,
kumbe kulikuwa na mkono.
Mkono wa Candiru, una unga hadi kiwikoni,
unamfukuza mpiga picha.

Ezaru hakusema kitu. Wala mimi.
Jenereta ya jirani ikakohoa, ikakubali.

Nikampigia hesabu: mia tatu kwa kila inchi,
utapata futi moja, si zaidi.
"Futi moja, nani ataiona barabarani?"
"Hakuna. Watasogea."

Basi nikaanza. Kipimo kwanza, kabla ya lolote.
Jina nikaliondoa mkononi, nikalipa ukingo wake mweupe,
halikuchorwa ndani ya picha, likaelea juu yake
herufi zikiwa herufi, si madoa yanayofanana na herufi.
Wino mweusi peke yake:
rangi nne zikisongamana kwenye mstari mwembamba
hukanyagana miguu.
Kunoa nikakuacha mwisho, mara moja tu, kwa huruma,
kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga.

"Alizaliwa mwaka gani?"
Hajui. Aliuliza wote waliobaki.
Onzima akasema tukisie.
Nikakataa, pakabaki peupe.
Kisichokuwepo hakinolewi.

Karatasi ikatoka ikiwa bado na joto.
Aliinama mpaka pumzi yake ikaigusa,
akafuata jina kwa ukucha, bila kuligusa,
akasimama kwenye C.
"Imefumbua mdomo," akasema.

Alilipa nusu. Nusu nyingine baada ya mavuno ya ufuta.
Nje mvua haikuwa imekwisha:
akavua kitambaa chake cha kichwani,
akaifunga picha,
akatoka nywele wazi.